Baba Mkwe Kamfungia Mbwa Wangu Ndani ya Mashine

Mpendwa Shangazi Hilke,

Naomba msaada wako, na naomba unisamehe makosa ya kuandika, maana nina hasira mpaka vidole vinagonga herufi mbili kwa mpigo, na majina yote humu nimeyabadilisha ingawa kwa huku kwetu Frisia Mashariki, pwani ya kaskazini ambako watu wote wanajuana, hiyo ni kazi bure, Jumatano jioni, gazeti lako likishafika milangoni, kila mtu kuanzia hapa mpaka kwenye tuta la bahari atakuwa ameshajua huyu ni nani, ni mume wa nani na kampuni ni ya nani, basi na wajue, mimi nimechoka.

Niite Hayo. Mchana nimeajiriwa kutunza kompyuta za pampu zinazovuta maji mashambani na kuyatupa baharini, kazi ambayo watu huikumbuka siku wakiamka na kukuta malisho yamegeuka ziwa. Lakini kazi ya moyo wangu ni ile ninayoifanya nikitoka huko, na hiyo silipwi. Mimi na wenzangu tunaandika sehemu ndogo ya Linux, ile programu huria iliyomo ndani ya vitu ambavyo wewe hujui hata kama vina kompyuta, lifti, mashine ya kufulia, taa za barabarani, na sehemu yetu sisi inaitwa mbwa mlinzi. Shughuli kuu ya mashine ikiwa hai inamlisha mbwa kila baada ya muda mfupi, na ikiganda haimlishi, mbwa anaona njaa, anaizima mashine yote na kuiwasha upya. Basi. Hana kazi nyingine duniani, na akiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba yupo. Nimemfuga mbwa huyo pamoja na dada mmoja wa mji wa Curitiba ng'ambo ya bahari, anaitwa Jussara, na mzee wa Oulu, mji wa kaskazini kabisa, anaitwa Veikko ambaye sijawahi kumwona uso lakini ananigombeza kila wiki.

Tumemtoa mbwa wetu kwa dunia nzima. Mchukue, mtumie, mbadilishe, muuze ukitaka, hatudai hata senti. Leseni yetu inadai jambo moja tu, kwamba ukimuuzia mtu mashine yenye mbwa huyu ndani, na mtu huyo akataka kujua humo mna nini, umpe maandishi ya programu yote, pamoja na yale uliyobadilisha wewe. Ni hilo tu. Mtoto wa chekechea analielewa.

Sasa sikia. Kabla ya Pentekoste nilipigiwa simu asubuhi na Theda, mfugaji jirani yetu, mjane, mtu asiyelia ovyo.

"Hayo, njoo. Usiniulize, njoo tu."

Nilipofika bandani nilimkuta ameketi juu ya ndoo, buti zimejaa matope, na ng'ombe wake Lotte yuko nje ya kile kizimba cha mashine ya kukamulia, anatetemeka miguu ya nyuma. Mashine zile za siku hizi ng'ombe anaingia mwenyewe, lango linajifunga, mkono wa chuma unampachika mirija, akimaliza lango linafunguka. Siku hiyo halikufunguka. Kompyuta iliganda, skrini ikabaki imeandika "inakamua", na mirija ikaendelea kuvuta kiwele kitupu wakati Theda yuko upande wa pili anawanywesha ndama. Alipokuja akabonyeza kila kitufe, hakuna kilichosikia, akakimbilia swichi kubwa ya ukutani akazima umeme wa banda zima. Maziwa ya mwisho kwenye mrija yalikuwa ya waridi kwa damu, Shangazi. Daktari wa mifugo alisema chuchu moja haitatoa tena.

"Nimewapigia kampuni," Theda akaniambia. "Wanasema fundi atakuja sikukuu ikiisha. Nikawaambia basi niruhusuni nimwite mtu wangu aitazame. Wakasema humo ndani ni siri ya kampuni."

"Kampuni gani?" nikauliza, na jibu nalijua, limeandikwa ubavuni mwa mashine kwa herufi za buluu.

"Unaniuliza mimi? Si ya baba mkwe wako! Na watu husema wewe ndiye mfuga mbwa. Mbona mbwa wako hakubweka, Hayo? Au na yeye yuko likizo ya Pentekoste?"

Nikaleta waya wangu, nikauchomeka kwenye kisanduku cha kompyuta ya mashine, nikaiwasha mashine bila ng'ombe ndani na kusoma mistari inayopita inapoamka, na hapo ndipo damu iliponipanda kichwani. Zamani nilipoandika ule ujumbe wa mbwa kuamka, nilipishanisha herufi mbili, Veikko akanicheka mwezi mzima, Jussara akasema tuliache kosa hilo lilivyo, liwe kovu la familia. Nalo likapita mbele ya macho yangu, ndani ya mashine ya baba mkwe, ambaye miaka yote anajinadi kwenye maonyesho ya kilimo kwamba kila kilichomo humo kimebuniwa nyumbani kwake. Wamechukua mpaka kosa langu! Na si hivyo tu. Niliiacha mashine izunguke, ikaganda tena, nikakaa namsubiri mbwa aizime, na mbwa hakufanya kitu, ametulia, ameshiba. Maana yake ni moja. Kuna mtu amempachikia mlishaji wa pembeni, kijiprogramu kisicho na kazi yoyote ila kumtupia mbwa chakula saa ikigonga, hata kama shughuli yenyewe imeshakufa. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa bahati mbaya. Hilo ni kosa ambalo sisi tunamkataza mtu siku ya kwanza anapoanza kazi hii, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Na mimi siwezi kuliondoa bila kupata maandishi ya walichobadilisha, na maandishi wameyakalia.

Jumapili yake ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya baba mkwe, nimwite Focko, meza imejaa, keki ya rhubabu, birika juu ya kimeza chake cha moto, mama mkwe anamimina, sukari ya mawe inapasuka vikombeni. Shemeji yangu Ubbo, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mkuu wa mafundi pale kampuni, alikuwa ameketi mbele yangu. Focko aliponiona akapaza sauti, "Moin, mfuga mbwa! Leo umewafungulia?" Watu wakacheka kabla sijaketi.

Nilikunywa kikombe kimoja nikashindwa kuvumilia. Nikasema mbele ya wote, "Baba, umemfungia mbwa wangu ndani ya mashine zako ukamziba mdomo, na ng'ombe wa Theda ameumia. Huo ni wizi."

Mama mkwe akabaki na birika hewani. Focko hakukasirika, na hilo ndilo lililoniunguza. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Wizi wa kitu cha bure? Mkwe wangu, mtu akitoa viti vyake vya zamani nje ya lango, akaweka na kikaratasi 'chukua bure', mimi nikapita na gari nikachukua, kesho anaweza kuja kuniuliza nimevipaka rangi gani?"

"Alikuwa anazima mashine katikati ya kukamua, Hayo," Ubbo akasema kwa sauti ya chini, anaikatakata keki yake bila kuila. "Wateja walikuwa wanatutukana."

"Alikuwa anazima kwa sababu programu yenu ilikuwa inaganda!" nikafoka. "Mbwa akibweka unakwenda kuangalia kuna nini nje, humjazi pamba mdomoni!"

"Kunywa chai, Hayo," Focko akasema. "Kazi ya bure haina mwenyewe."

Nikachukua kijiko nikakiweka ndani ya kikombe. Baada ya kikombe cha kwanza, Shangazi, mbele ya mama mkwe ambaye hajanikosea chochote maishani mwake, na wewe unajua huku kwetu kijiko kikombeni ni kusema sitaki tena, na kukiweka kabla ya kikombe cha tatu ni tusi. Nikachukua koti nikaondoka.

Mke wangu, nimwite Tomke, alirudi jioni. Naye anafanya kazi ofisini kwa baba yake, nilisahau kukuambia.

"Umemwaibisha baba siku yake," akasema.

"Yeye ameniibia."

"Amekuibia nini? Ulikuwa unauza?"

"Si suala la kuuza!"

"Ni suala la nini, basi? Maana nimeolewa na wewe na hilo suala pamoja. Wenzako wako barabarani wanacheza ule mchezo wetu wa kurusha mipira na kunywa, wewe uko kwenye kile chumba chako cha kompyuta. Mama alilazwa hospitali, wewe uko kwenye kile chumba, unabishana na mzee wa Oulu kuhusu nukta. Bure, Hayo. Bure kabisa!"

Na neno hilo lina sura mbili, na mpaka leo sijui alinipiga kwa ipi.

Kisha akaniongezea eti alishaniambia muda mrefu kwamba Ubbo anahangaika na yule mbwa, anaona aibu kuniuliza mwenyewe, anataka niketi naye, eti mimi nikaitikia "mm". Sikumbuki, na hata kama alisema, hilo halihusiani kabisa na habari hii.

Sasa nimeandika ujumbe. Ni wa kwenda kwenye orodha yetu ya barua pepe, ambayo wenzetu wa dunia nzima wanaisoma, na kikishatumwa kitu pale hakifutiki, wajukuu watakikuta. Nimemtaja Focko kwa jina, kampuni kwa jina, Ubbo kwa jina, nimewaita majambazi, na kuna neno jingine ambalo gazeti lako haliwezi kulichapa. Ujumbe umekaa tu pale, haujaenda. Tomke aliuona akasema, "Ukiutuma huo, mimi nahamia kwa mama, na sitakwenda kunywa chai tu." Hakupiga kelele aliposema, na ndiyo maana namwamini. Jussara anasema tuma leo. Veikko anasema subiri, kisha akanisahihisha tahajia.

Shangazi, nikinyamaza, kuna mashine kama ile katika mabanda kutoka hapa mpaka mpakani, na mbwa mwenye kovu langu amelala ndani ya kila moja ameshiba, na ng'ombe mwingine atafungiwa. Nikituma, sina mke. Nimekasirika mpaka sisikii ladha ya chakula. Nitume au nisitume?

Wako,
Mwenye Mbwa

*

Mwenye Mbwa,

Nimekulia kwenye zizi, na nilipofika pale kwa Lotte niliiweka barua yako mezani, nikasimama, nikazunguka jikoni kwangu nikitukana, ndipo nikarudi kukaa. Mnyama amefungiwa ndani ya chuma, ananyonywa patupu, na skrini inasema mambo yanaendelea! Halafu mtu aliyeiuza mashine hiyo anaambiwa, naye anajibu kwamba ni siri na fundi yuko sikukuu. Hasira yako ni halali, na ya kwangu nimeiweka juu yake.

Na wewe bwana mwenye kampuni, sogea karibu, kwa sababu najua gazeti hili linaingia na kwako, na najua wanaume wa umri wako husoma ukurasa wangu kabla ya matangazo ya vifo na kisha hudai ni mke aliyeuacha wazi. Mfano wako wa viti ni mtamu, ila umeusimulia nusu. Kile kikaratasi hakikuandikwa "chukua bure" peke yake. Kiliandikwa chukua, kalia, uza ukipenda, na utakayemuuzia akitaka kujua vimeungwa vipi, mwambie. Wewe ulichukua viti ukachana karatasi, ukalegeza mguu mmoja, kisha ukamuuzia mjane. Usinichekee mimi mpaka ufute macho. Sijaolewa kwenu.

Sasa wewe, Mwenye Mbwa. Ulidhani nitaishia hapo?

Nimeisoma barua yako yote tena kwa kalamu mkononi, nikitafuta mahali ulipoomba. Hapapo. Umesema wizi, umesema majambazi, umesema neno ambalo kweli silichapi, umefoka juu ya keki ya rhubabu, umemwekea mama mkwe kijiko kikombeni kama vile amekupikia sumu. Lakini ile sentensi moja nyepesi, "Baba, naomba maandishi ya programu iliyo ndani ya mashine zenu, pamoja na mliyobadilisha," hiyo hujaitamka kwa mtu hata mmoja. Theda aliomba fundi. Wewe uliomba ugomvi. Leseni yenu yote, kwa jinsi ulivyonieleza mwenyewe, inasimama juu ya mtu kuuliza na mtu kujibu, na wewe bingwa wake umeruka kuuliza ukaanza na kesi. Mtoto wa chekechea analielewa, ulisema. Basi mtafute huyo mtoto akufundishe.

Kisha hili la "mbwa wangu". Mbwa wangu, kovu langu, kosa langu, barua nzima. Jussara na Veikko umewapa mstari mmoja kule juu, na ulipofika kwenye kisa hukuwakumbuka tena, ila kwa lile kovu, mpaka ulipotaka watu wa kukuunga mkono. Je, kama kesho baba mkwe akikupigapiga begani na kukuahidi kitu kizuri, utamsamehe kwa niaba yao? Huna ruhusa hiyo. Na huna ruhusa ya kuwapeleka vitani pia kwa sababu ulichekwa mezani. Hapa wewe ni mmoja wa watatu, tena Theda ni wa nne, na mashine ni yake.

Nije kwenye ile "mm".

Unasema haihusiani. Bwana wee! Nimeelewa kazi ya mbwa wako kutoka kwa maneno yako mwenyewe, kwa hiyo acha nikurudishie. Ubbo alitengeneza kitu cha kumlisha mbwa saa ikigonga, hata kama shughuli yenyewe imekufa, na wewe unasema hilo ni kosa ambalo mtu anakatazwa siku ya kwanza. Na wewe nyumbani kwako umetengeneza nini? Mkeo anazungumza, wewe uko Oulu, mdomo unatoa "mm" kwa wakati wake, naye anadhani yuko na mtu. Alikuletea habari ya kaka yake anayeona aibu. Alikuletea, kwa mkono wake, ufunguo wa jambo hili lote kabla Lotte hajaumia. Ukamlisha "mm" akatulia. Siku ile pale nyumbani hatimaye amebweka, na wewe unaniandikia mimi kuuliza anabweka nini.

Unauliza alikupiga na sura ipi ya neno lile. Zote mbili. Kwamba hulipwi anaweza kuishi nalo, wake wengi huku wameolewa na wazima moto wa kujitolea na wapiga tarumbeta wa kanisani. Kinachomuuma ni kwamba ameishi karibu na kazi yako miaka yote na hajawahi kuambiwa inamsaidia nani. Siku ya kwanza alipoona faida yake ni siku ilipokuwa fimbo ya kumpigia baba yake mbele ya wageni.

Basi fanya hivi, na ufanye kama nilivyosema, usinichanganyie na maoni ya Curitiba.

Ule ujumbe usiutume leo. Ufungue, ufute majambazi, ufute lile neno jingine, umfute Ubbo kabisa. Yeye ni fundi aliyebanwa na baba yake upande mmoja na wateja upande wa pili, akafanya jambo la kijinga, na shemeji yake aliyekuwa anajua dawa alikuwa chumbani mlango umefungwa. Ubakize ukweli tu: mashine gani, nini kilitokea bandani, ulichokiona kwenye skrini na ulichoomba. Utaona umekuwa mfupi, na umekuwa mkali zaidi.

Nenda kwa Theda. Usimwandikie wewe, mwache aandike mwenyewe kwa maneno yake, aombe maandishi ya programu iliyomo ndani ya mashine aliyoinunua. Ana haki hiyo na kalamu anayo.

Kisha kaa na mkeo meza ya jikoni, simu na kompyuta viwe chumba kingine, umweleze yote. Mweleze mbwa ni nini, nani anamtumia, kwa nini humwachi. Mwambie siku gani utatuma endapo baba yake atakataa, aijue kutoka kwako kabla hajaisikia ofisini. Atakasirika. Mwache akasirike na usiitikie "mm".

Jumapili uende kwa mama mkwe, wewe na Tomke. Umwombe yeye radhi kwa kijiko, mbele ya wote waliokiona. Kwa mbwa usiombe radhi. Unywe vikombe vyote vitatu, malai ya juu ya chai usiyakoroge kwa hasira kama najua unavyotaka kufanya, na cha tatu kikiisha umgeukie Focko na kuisema ile sentensi, polepole, bila neno wizi ndani yake. Akikuletea tena habari ya viti, mwambie Shangazi Hilke anamsalimu. Mpe mpaka mwisho wa mwezi. Halafu umshike Ubbo mkono mwende bandani kwa Theda, umwambie, "Kaa hapa, nionyeshe." Nadhani atakuonyesha. Mtu anayekatakata keki asiile ana jambo anataka kulitema.

Na mwisho wa mwezi ukifika na Focko bado anacheka, tuma. Tuma mchana, umenawa uso, Tomke anajua, Jussara na Veikko wameweka majina yao kando ya lako. Usitetemeke. Ng'ombe mwingine hatafungiwa ndani ya chuma ili meza yako ya chai iwe na amani. Mkeo akihamia kwa mama yake, mfuate kwa miguu, keti kwenye ngazi zao, sikiliza kila atakachokuambia mpaka amalize, na kesho yake rudi tena. Ndoa yako utaipigania hapo kwenye ngazi, na hutaipigania kwa kufuta ukweli.

Neno la mwisho. Gazeti hili hulilipii. Linatupwa mlangoni kwako kila Jumatano, na najua nyumba nyingi huku hulitandika chini ya buti zenye matope kabla wino haujakauka, na bado kila wiki nakaa hapa na kuandika, kwa hiyo usidhani wewe peke yako unajua ile sura ya pili ya neno lile. Mimi nimekujibu bure. Inuka ukazungumze na watu wako, usije ukafanya niwe nimekujibu bure.

Shangazi Hilke